Tuzo Mkononi, Mfuko Mtupu

Katika miezi hii nimepokea barua kadhaa zinazouliza jambo moja kwa maneno mbalimbali. Vijana wameanzisha kampuni ya kutengeneza filamu na vipindi vya televisheni. Wanazo kamera, wanazo hadithi, wanao waigizaji wanaojulikana mtaani, na sasa wanatafuta watu wa kuchangia mtaji. Mmoja wa walioniandikia, mwalimu mstaafu, anasema chama chao cha akiba na mikopo kimeombwa kinunue hisa, na wanachama wamegawanyika. Wengine wanasema filamu ndiyo dhahabu ya siku hizi. Wengine wanasema fedha za wajane haziwekwi katika maigizo. Mzee huyo anataka nimwambie nani mwenye haki.

Mimi si mtu wa benki, wala sijapata kutengeneza filamu hata moja. Ninachoweza kumpa mwalimu ni historia, nayo nitaitoa mbali kidogo, huko Uingereza, katika kampuni iliyoitwa Goldcrest. Nimeichagua kwa sababu hesabu zake zinajulikana. Mwanzilishi wake, Jake Eberts, alitoa kitabu mwaka 1990 akishirikiana na mwandishi wa habari Terry Ilott, na hesabu za kampuni zikawekwa hadharani, filamu baada ya filamu, kiasi kilichoingia na kiasi kilichorudi. Watu wa sinema hawana desturi hiyo. Ukimwuliza mtengenezaji filamu habari za tuzo atakujibu hadi usiku wa manane. Ukimwuliza habari za mapato atakumbuka kuwa ana miadi mahali pengine.

Eberts hakuwa mtu wa sinema. Alizaliwa Kanada, akasomea uhandisi wa kemikali, kisha biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard, na mwishowe akawa mtu wa kutafuta fedha katika nyumba za fedha za London. Alifika kwenye filamu baada ya kuombwa atafute wawekezaji wa filamu ya katuni kuhusu sungura, Watership Down, iliyotoka mwaka 1978 na kuwalipa vizuri waliothubutu. Kabla hata filamu hiyo haijatoka, mwaka 1977, alikuwa amekwisha kuanzisha Goldcrest, akiungwa mkono na Pearson Longman, kampuni kubwa ya uchapaji iliyomiliki gazeti la Financial Times na vitabu vya Penguin. Baadaye wakaingia wawekezaji wengine wenye heshima zao, yakiwamo mashirika ya uwekezaji na mifuko ya pensheni. Hayo nayataja makusudi, maana mwalimu wetu asidhani kuwa ni vyama vidogo tu vinavyobishiwa hodi na watu wa filamu.

Wazo la kwanza la Eberts lilikuwa la kiasi, na kwa maoni yangu ndilo bora kuliko yote aliyopata. Kabla filamu haijapigwa, kuna kazi ndefu ambayo hakuna anayeiona. Lazima mtu amlipe mwandishi wa mchezo, anunue haki za kitabu kama hadithi imetoka kitabuni, alipie safari za kutafuta mahali pa kupigia picha, na atengeneze makisio ya gharama. Fedha hizo za maandalizi zina hatari kubwa, kwa kuwa michezo mingi iliyoandikwa haifiki mbele ya kamera. Lakini ni fedha kidogo. Mchezo mmoja ukifaulu kupata mtu wa kugharimia upigaji wake, aliyelipia maandalizi hurudishiwa chake pamoja na ziada, na tena hupewa fungu katika faida itakayopatikana. Ni kama mtu anayegawa mbegu katika mashamba kumi ya watu. Manane yakikauka, mawili humtosha.

Mbegu moja ilikuwa Chariots of Fire, hadithi ya wakimbiaji wawili wa Uingereza katika Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 1924. Goldcrest ililipia maandalizi tu. Gharama za kuipiga zilitoka kwa wengine. Mwezi Machi 1982 filamu hiyo ilipata tuzo nne za Oscar, ikiwamo ya filamu bora ya mwaka, na mwandishi wa mchezo, Colin Welland, akasimama jukwaani akawatangazia Wamarekani kwamba Waingereza wanakuja. Watu wakacheka na kupiga makofi.

Wakati huo Goldcrest ilikuwa imekwisha kuvuka mto. Haikuwa tena mgawa mbegu. Ilikuwa mwenye shamba. Richard Attenborough alikuwa amehangaika miaka 20 akitafuta mtu wa kumpa fedha za kutengeneza filamu juu ya maisha ya Mahatma Gandhi, na studio kubwa za Marekani zilimkatalia. Filamu ikaja kugharimu dola milioni 22 hivi, sehemu yake ikatolewa na Serikali ya India kupitia shirika lake la filamu. Goldcrest ilitia pauni milioni 5.1. Aprili 1983 Gandhi ikachukua tuzo nane za Oscar, na kwa miaka iliyofuata ikairudishia Goldcrest pauni milioni 11.5.

Hapa ningemwomba msikilizaji atulie kidogo. Toa gharama katika mapato, utaona faida ya pauni milioni 6.4 kwa filamu moja. Tazama sasa ndugu zake. Local Hero ya mwaka 1983 ilitiwa pauni milioni 2.55, ikarudisha milioni 3.29. The Killing Fields ya mwaka 1984, juu ya mauaji ya Kampuchea, ilipata tuzo tatu za Oscar na kusifiwa kila mahali. Ilitiwa pauni milioni 8.4, ikarudisha milioni 10.7. Faida ni zaidi ya milioni 2. Si haba, lakini fedha hizo hazikurudi kwa mwezi mmoja. Mwanzoni mwa mwaka 1985 riba ya msingi ya mabenki huko Uingereza ilifika asilimia 14. Mtu aliyefunga fedha zake miaka mitatu katika filamu iliyoshinda tuzo tatu, akapata robo juu ya alichoweka, angeweza kuuliza kwa haki kama hangefanya vizuri zaidi kwa kulala usingizi na kitabu chake cha benki chini ya mto. Kwa maneno mengine, Gandhi ilikuwa bahati ya pekee, si kipimo cha biashara. Lakini bahati ina tabia ya kujifanya kipimo.

Kwa nini fedha huchelewa hivyo? Shilingi anayolipa mtazamaji mlangoni haiendi kwa aliyetengeneza filamu. Mwenye jumba la sinema huchukua fungu lake kwanza. Kinachobaki huenda kwa msambazaji, naye hukata ujira wake, kisha hukata gharama zote za nakala na matangazo, ambazo nyakati nyingine hulingana na gharama za filamu yenyewe. Benki ikiwa ilikopesha, hutangulia na riba yake. Mwenye hisa hukaa mwisho wa foleni akiwa na kikombe mkononi. Ndiyo maana jumba laweza kujaa watu, na gazeti likaandika mamilioni, na mwenye hisa akaambiwa bado. Haijawa wizi, ingawa mara nyingine huwa. Ndivyo mkataba ulivyoandikwa.

Basi, mwishoni mwa mwaka 1983 Eberts aliiacha Goldcrest akaenda katika kampuni ya Kimarekani ya Embassy. Uongozi ukashikwa na James Lee, aliyetoka Pearson Longman. Kampuni ikakua. Ofisi zikaongezeka, wafanyakazi wakaongezeka, na idara ya televisheni ikapanuliwa. Nchi nzima iliitazama kama shujaa aliyeifufua sinema ya Kiingereza. Na hapo ndipo, kwa maoni yangu, ugonjwa ulipoingia, kabla hata ya filamu moja kushindwa. Nyumba kubwa ina matumizi kila mwezi, filamu iwepo isiwepo. Mwenye nyumba ya namna hiyo huanza kupitisha filamu si kwa sababu mchezo umeiva, bali kwa sababu nyumba ina njaa.

Kuna jambo jingine ambalo wenye vyama vya akiba watalielewa upesi. Katika bodi ya wakurugenzi walikaa Attenborough na David Puttnam, mabwana wawili walioheshimika sana, nao wote wawili walikuwa watengenezaji wa filamu zilizogharimiwa na kampuni hiyo hiyo. Sisemi kwamba walifanya hila. Sijapata kusoma mahali waliposhutumiwa hivyo. Nasema tu kwamba kamati ya mikopo ambayo baadhi ya wajumbe wake ni waombaji wa mikopo hupata taabu kusema hapana, hata kama kila mjumbe ni mtu mwema.

Mwaka 1985 kampuni ilijikuta imebeba filamu tatu kubwa kwa wakati mmoja. Ya kwanza ilikuwa Revolution, juu ya vita vya Wamarekani vya kujikomboa kutoka kwa Waingereza. Mwongozaji alikuwa Hugh Hudson, yule yule wa Chariots of Fire, na mwigizaji mkuu Al Pacino. New York ya karne ya 18 ilijengwa katika mji wa King's Lynn, mashariki ya Uingereza, na vita vikapigwa huko Devon, katika mvua na matope. Pacino akaugua nimonia. Kila siku ya kungoja ni siku ya mshahara kwa mamia ya watu, farasi na mizinga, na gharama zikapanda kuliko makisio. Kisha filamu ikaharakishwa ili iwahi Krismasi ya mwaka 1985 huko Marekani. Ilipofunguliwa, wahakiki waliirarua. Majumba yote ya Marekani hayakuikusanyia hata dola 400,000. Goldcrest ilikuwa imetia pauni milioni 15.6, zikarudi milioni 6.

Ya pili ilikuwa Absolute Beginners, filamu ya muziki na dansi juu ya vijana wa London wa mwaka 1958, ambamo David Bowie alishiriki. Hiyo ilikuwa ya ubia, lakini nayo ilizidi bajeti, na magazeti ya Uingereza yaliipigia tarumbeta kwa miezi mingi hata watu wakachoka nayo kabla ya kuiona. Goldcrest iliweka pauni milioni 4.7 ikapata chini ya milioni 2.

Ya tatu, The Mission, ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu ilikuwa kazi nzuri. Ilipigwa Amerika ya Kusini, kwenye maporomoko ya Iguazu na huko Kolombia, ikawa na Robert De Niro na Jeremy Irons. Mwaka 1986 ilipata tuzo kuu ya Cannes, na baadaye Oscar ya upigaji picha. Iliuzwa, ilitazamwa, ilisifiwa. Goldcrest ilitia pauni milioni 15.1, ikapata milioni 12.3. Yaani hata filamu iliyofaulu ilileta hasara ya karibu milioni 3, kwa kuwa iligharimu mno.

Jumlisha zote tatu, utaona pauni milioni 35 zilizotoka na milioni 20 zilizorudi. Kampuni yoyote ya filamu hupata hasara. Hiyo ni kawaida ya kazi, kama mvuvi anavyorudi mara nyingine na nyavu tupu. Kilichoiua Goldcrest ni kwamba nyavu zote tatu zilitupwa siku moja, na zote zilinunuliwa kwa fedha ambazo zingetosha nyavu thelathini. Wala sitii chumvi. Katika miaka hiyo hiyo kampuni ilichangia pauni 460,000 tu katika filamu ndogo ya A Room with a View, hadithi ya binti wa Kiingereza anayesafiri Italia. Ikarudisha pauni milioni 1.9, yaani mara nne ya kilichowekwa. Ndani ya nyumba ile ile, dawa ilikuwa rafuni watu wakiagiza madaktari kutoka ng'ambo.

Mambo ya nje nayo hayakuwahurumia. Uingereza ilikuwa imewapa wawekezaji wa filamu nafuu nono ya kodi, iliyowawezesha kukata gharama yote katika mwaka wa kwanza. Katika bajeti ya mwaka 1984 Serikali ilitangaza kuiondoa hatua kwa hatua hadi mwaka 1986. Waliopanga hesabu zao wakiitegemea nafuu hiyo wakakuta kiti kimevutwa. Na thamani ya fedha iliyumba. Mapema mwaka 1985 pauni moja ilishuka ikakaribia dola 1.05, kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imepanda hadi zaidi ya dola 1.40. Kampuni inayolipa mafundi wake kwa pauni na kuuza filamu zake Marekani kwa dola yaweza kupata au kupoteza robo ya mauzo yake bila ya mtu yeyote kugusa kamera.

Lee aliondoka mwaka 1985, Eberts akaitwa arudi. Hakurudi kutengeneza filamu. Alirudi kuzima moto, kuuza kilichoweza kuuzwa na kuwasihi wadai wangoje. Attenborough akakalia kiti cha mwenyekiti. Mwaka 1987 kampuni ikauzwa kwa Brent Walker, kundi la biashara za starehe na majengo. Miaka kumi tangu kuanzishwa, kampuni iliyosimama nyuma ya washindi wawili wa Oscar ya filamu bora, miaka miwili mfululizo, ikawa mali ya mtu mwingine.

Sasa mwalimu atasema, hayo ni ya Wazungu wenye mamilioni, sisi tunazungumza habari za kamera mbili na chumba cha kuhariri. Tofauti ni ya tarakimu. Kama ningekuwa mjumbe wa kamati yake, nisingeanza kwa kuuliza kama hadithi ni nzuri. Ningeuliza ni sehemu gani ya mtaji wote itaingia katika filamu ya kwanza. Wakinijibu kuwa ni yote, ningekunja karatasi zangu. Ningetaka pia kujua kama kuna kituo kilichokwisha kutia sahihi ya kununua, au kama ni ahadi za mdomo za jamaa anayefanya kazi kituoni. Na ningeuliza haki za filamu zinabaki kwa nani baada ya kuonyeshwa mara ya kwanza, maana vijana wengi huuza haki zote kwa bei ya kulipia deni la kodi ya nyumba, na huo ndio urithi wenyewe unaokwenda. Kwetu kuna na mwizi wa nakala, ambaye hana haja ya kungoja filamu ifanikiwe. Tanzania ilitunga sheria ya hakimiliki mwaka 1999 na mwaka 2013 ikaleta stempu za kodi kwa kazi za muziki na filamu, lakini mwenye kompyuta na saa moja ya faragha hakuomba stempu.

Barua ya mwalimu inataja pia televisheni, na anaona kuwa upande huo una usalama zaidi kwa kuwa kituo hulipa. Ni kweli kwa kiasi. Goldcrest nayo iliiona televisheni kama mkate wa kila siku. Channel 4 ilipofunguliwa Novemba 1982, kazi ya Goldcrest ilikuwamo katika juma la kwanza kabisa. Lakini kipindi cha kituo hulipiwa nusu na kituo, na nusu na matumaini ya kuuza nchi nyingine, na nusu hiyo ya pili ndiyo inayombakia mtengenezaji.

Pamoja na kituo cha HTV, Goldcrest iligharimia Robin of Sherwood, mfululizo juu ya Robin Hood ulioanza mwaka 1984. Watu waliupenda mno. Vikatengenezwa vipindi 26 katika misimu mitatu, na msimu wa nne ulikuwa umekwisha kufikiriwa. Mwaka 1986 Goldcrest haikuwa na fedha tena za kutoa fungu lake, na HTV peke yake haikuweza kuubeba mzigo huo. Mfululizo haukufutwa kwa kukosa watazamaji. Ulikatika tu, na katika kipindi cha mwisho Marion, mchumba wa Robin, ameachwa ndani ya nyumba ya watawa, na Robin yuko nje.